Maneno Yasiyosemwa Mbele ya Baba

Vijana wa ofisini mmenisumbua tangu siku ile ya kuniaga, ya keki na hotuba. Kila mkipiga simu ni hayo kwa hayo: "Madam Zuhura, andika, usije ukasahau." Haya basi, naandika. Kilichopungua kwangu ni magoti, kumbukumbu ingali nzima. Ila msitarajie nieleze nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa kama gari la serikali, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaeleza kazi.

Mimi ni mtoto wa Changamwe, baba yangu alikuwa fundi wa reli. Nilipopangiwa kazi Kisii katika ofisi ya watoto, mwanzoni mwa miaka ya tisini, shangazi yangu alilia kana kwamba napelekwa ng'ambo. Akanifungia mchele na pilipili akidhani huko nitalala njaa. Kumbe nilikuwa naenda mahali ambapo mgeni haondoki bila kubebeshwa ndizi, na akikataa anaonekana hana adabu. Mchele wa shangazi ulikaa mpaka ukaingia wadudu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati na mabenchi mawili, moja ndani na moja nje barazani. Mkuu wangu alikuwa Mzee Nyakundi, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Umekuja na karamu?" Nikababaika. Karamu ya nani tena, mimi nimeshuka kwenye basi sasa hivi? Kumbe mzee alitaka kalamu. Ulimi wa Kiekegusii hauipendi L, unaigeuza R bila kuomba ruhusa. Nilimpa kalamu, akaitia mfukoni, na sikuiona tena.

Somo lake la kwanza lilihusu mvua. Kisii hunyesha mchana karibu kila siku, na mvua ikipiga mabati humsikii mtu aliyeketi mbele yako, seuze mtoto anayenong'ona. "Mtoto asikirizwe asubuhi," alinifundisha. "Mchana ni wa kujaza makaratasi." Wengi wenu mna ofisi zenye dari nzuri na hamlijui tatizo hili. Lakini mkienda Nyamira vijijini mtalikuta linawasubiri, kwa hiyo amkeni mapema.

Somo la pili lilihusu maneno. Wiki yangu ya kwanza aliletwa mvulana mwenye alama za fimbo mgongoni. Askari aliyemleta alikuwa mgeni kama mimi, na alikuwa ameshamshika baba wa mtoto, kwa sababu mtoto alisema kwa Kiswahili chake cha darasa la kwanza, "Baba amenipiga." Mzee Nyakundi akamwuliza mtoto kwa lugha yao, kisha akacheka kwa huzuni. Kwa Kiekegusii baba ni mama. Baba mzazi huitwa tata. Yule bwana alikuwa amelala korokoroni bure, na aliyepiga alikuwa nyumbani anapika. Tangu siku hiyo, kila mtoto akitaja baba mbele yangu, naomba anioneshe kwa kidole.

La tatu ndilo kubwa, na bila hilo hamtaelewa ninayotaka kusimulia. Asubuhi moja aliletwa msichana aliyekosewa na jirani, kosa la aina mnayoijua. Alikuja na baba yake. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuuliza, Mzee Nyakundi akanigusa bega. Akamwomba baba akae benchi la nje, na akatuma mtu aende akamlete nyanya wa msichana. Tulingoja nusu ya asubuhi. Mimi nilikereka, nikaona tunapoteza muda.

"Madam," akaniambia tulipokuwa tunangoja, "huku kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya, rakini si haya ya kuinamisha uso tu. Ni ukuta. Baba na mtoto wake hawasikii maneno ya mwiri pamoja. Mtoto akiyasema na baba yuko hapo, hawataweza kura meza moja tena. Na mama pia, ukuta wake ni mfupi kidogo, rakini upo."

"Sasa mtoto akikosewa amwambie nani?"

"Magokoro. Nyanya. Nyanya na mjukuu hawana ukuta, wanataniana, wanaambiana yote. Fairi ya msichana anza na nyanya."

Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote, Kisii na baadaye Nyamira. Baba benchi la nje, nyanya benchi la ndani, mtoto katikati akishika kitu cha kuchezea vidole. Swali la kwanza tulikuwa hatumwulizi mtoto nani alikukosea. Tulimwuliza nani alikwambia usiseme. Hilo hujibiwa haraka zaidi, na mara nyingi ni mtu yuleyule. Nimejua vikongwe wengi kuliko mawakili, na niseme ukweli, walikuwa mashahidi bora.

Vifaa vyetu vilikuwa buti za mpira, mwavuli, na pikipiki ambayo ilikubali kuwaka ikishabembelezwa. Mlima wa kwenda Nyamira uliniangusha zaidi ya mara moja, na akina mama waliokuwa wanachuma chai waliacha vikapu wakaja kuniinua huku wakicheka mpaka wanashika mbavu. Pole nilipewa baada ya kicheko, si kabla. Niliwapenda watu hawa.

Sasa nifike kwenye watu wa gumzo la simu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Kampuni moja ilikuja kutoka Nairobi, jina lake silitaji, na hata nikilitaja halipo tena. Waliweka simu nyekundu madukani, Mosocho, Masimba, mjini Kisii, mpaka Nyamira. Unapiga nambari yao, mashine inakupokea, unaacha maneno kwenye sanduku lako la sauti, watu wengine wanayasikiliza na kukuachia yao. Leo mnaweza kuona ni mchezo wa kale. Wakati ule ilikuwa maajabu. Gari lao lilipita sokoni na vipaza sauti, likigawa rula na kalamu kwa wanafunzi na kutangaza Saa ya Watoto, kila siku shule zikifungwa, bei ya bure au karibu na bure. Watoto walipanga foleni wakiwa na sare.

Mimi ni mtu wa kutaka kuona. Nilikwenda duka moja la Mosocho, nikasubiri zamu yangu nyuma ya wasichana waliokuwa wanasukumana na kuchekana, nikainua mkono wa simu. Sauti ya mwanamke, tamu kama ya mtangazaji, ikaniambia: sema jina lako, umri wako, shule yako, na kitu unachokipenda. Nikasema naitwa Zuhura, nina miaka arobaini na kitu, shule nilimaliza zamani, napenda kulala. Mashine ikanijibu, "Asante, rafiki mdogo!" Kisha ikaniruhusu kusikiliza mtoto mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaja jina lake na shule yake. Nilirudisha mkono wa simu polepole. Moyo wangu haukutulia siku ile, na niliandikia wakubwa wangu. Majibu hayakuja. Hilo nalo mnalijua.

Muda si mrefu baadaye, asubuhi moja kabla ya mvua, Nyanya Bosibori akaingia ofisini. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, amefunga kitambaa kichwani na amebeba viatu mkononi ili visichafuke njiani. Aliketi benchi la ndani bila kuelekezwa. Akavaa viatu vyake, ndipo akasalimu.

"Madamu, mimi nina mjukuu. Hataki shule. Kila asubuhi tumbo, kila asubuhi tumbo. Nilimpa dawa ya minyoo, nikampa ya kienyeji, bado tumbo. Nikasema, hii tumbo iko kwa kichwa."

Mjukuu nitamwita Kemunto, si jina lake. Alikuwa darasa la saba. Nyanya alikuwa ameshamtoa maneno jikoni, wakichambua mboga. Kwenye simu nyekundu alikuwa amepata rafiki aliyejiita Kaka Steve, aliyesema ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwanzoni yalikuwa mafumbo ya hesabu na habari za mpira. Baadaye yakaja maneno mengine. Kisha akamwambia amkute Masimba Jumamosi, aje peke yake, avae nguo nzuri. Kemunto hakwenda. Alipokuja kusikiliza sanduku lake tena alikuta sauti imebadilika. Haikuwa ya mtoto wa kidato cha pili, ilikuwa ya mtu mzima aliyekasirika. Ilisema: shule yako naijua, nitakungoja.

Na kweli aliijua, kwa sababu mashine ndiyo iliyomwuliza mtoto, na mtoto ana adabu, akiulizwa hujibu.

Nilikwenda kwao nje kidogo ya Mosocho, nikaketi jikoni kwa nyanya. Kemunto alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ndogo. Tulizungumza asubuhi nzima, na mengi yalipitia kwa nyanya. Mwishoni nikamwuliza angehitaji nini ndipo arudi shule. Nilitarajia aseme askari. Alisema kitu ambacho sijakisahau.

"Mimi niko hapa kwa nyanya, lakini sauti yangu bado iko kwa ile mashine. Kila mtu akifinya anasikia jina yangu na shule yangu. Nikienda shule, mimi najipeleka tu kwake. Watoe sauti yangu. Na ile sanduku yake waifunge."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sauti ya mtoto itolewe, sanduku la yule mtu lifungwe, na ijulikane alikuwa anapiga kutoka simu gani. Mitihani ilikuwa inakaribia, na mtoto wa darasa la saba akikaa nyumbani muhula mzima, Kisii au kwingine, harudi. Nimewaona wengi wasiorudi.

Polisi walitusikiliza, sitawasingizia. Lakini walisema bila kujua simu iliyotumika hawana wa kumfuata. Kwa hiyo mimi na Mzee Nyakundi tukapanda ngazi za jengo la Bwana Hasmukh mjini Kisii. Bwana Hasmukh aliuza vitambaa na sare za shule chini, juu akapangisha vyumba, na kimoja alikuwa amewapa watu wa gumzo. Yeye pia alikuwa wakala wao. Simu nyingi za maduka ya mjini zilikuwa zimepitia mkononi mwake.

Meneja alikuwa kijana wa tai, mwenye adabu, anayetabasamu kabla hujasema. Alituagizia chai. Tukaeleza. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia tena mara nyingi kutoka kwa watu wengine wa tai.

"Madam, tunasikitika sana. Lakini sisi ni kama nguzo ya simu. Waya unapita, maneno yanapita. Nguzo haisikii."

"Nguzo haimwulizi mtoto jina la shule yake," nikamwambia.

Alitabasamu tena. Kampuni, akasema, ina utaratibu mzuri wa malalamiko. Mzazi mwenyewe anakuja ana kwa ana, anaeleza kwa mdomo wake maneno yaliyosemwa, ndipo sanduku la mteja linafungwa. Hawawezi kumfungia mteja kwa tetesi. Halafu akaongeza, na aliongeza kwa fahari, "Na tangu tufungue, hatujapata lalamiko hata moja. Si Kisii, si Nyamira. Hata moja!"

Mzee Nyakundi aliweka kikombe chini. Tulitazamana. Hapo ndipo damu iliponichemka, ingawa sauti yangu ilibaki ya ofisini. Nadhani aliyeitunga kanuni ile huko Nairobi hakuwa na nia mbaya. Alifikiri mzazi ni mzazi popote. Lakini katika nchi ya chinsoni, kanuni ile ilikuwa kufuli. Ukimwambia baba wa Kigusii asimame mbele ya vijana asiowajua, atamke maneno machafu aliyoambiwa binti yake, umemwambia aende zake. Si ajabu hawakuwa na lalamiko hata moja.

Baba yake Kemunto alijaribu. Nataka mlijue hilo. Alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa la Kisabato, mtu mkubwa wa mabega. Alisema, "Kama ni mimi wanataka, nitaenda." Tukampeleka. Alisimama mbele ya meza ya meneja na kofia mkononi.

"Kuna mtu anasumbua mtoto wangu kwa simu yenu."

"Pole sana, mzee. Anamsumbua vipi? Alimwambia nini hasa?"

Yule baba alifungua kinywa. Kikabaki wazi. Akatazama dirishani, akatazama kofia. Meneja akamngoja kwa upole, akashika kalamu tayari. Kisha baba yake Kemunto akageuka akatoka, na nilipomfuata nilimkuta kwenye ngazi ameegemea ukuta, anapumua kama mtu aliyebeba gunia la mahindi mlimani. Ndani, meneja aliandika kwamba mlalamikaji hakueleza lalamiko.

Mzee Nyakundi alikasirika siku ile kuliko siku nyingine yoyote niliyomjua. "Wanamwambia avue nguo ndio wamsikirize," alisema.

Nyanya Bosibori alipopata habari hakukasirika. Alishangaa tu. "Kwani wanataka maneno? Maneno ndio inawasumbua? Si waniulize mimi, nimeyasikia yote!"

Tulipanda ngazi zile mara ya tatu, na safari hii nyanya alikuwa mbele. Mwanawe, baba yake Kemunto, alikuja naye mpaka barazani na akabaki pale. Mzee Nyakundi naye akasimama. "Mimi ni baba ya huyo mtoto kwa ukoo," akaniambia. "Siwezi kuingia. Ingia wewe, wewe ni mtu wa Mombasa, hautakufa." Kwa hiyo tuliingia wanawake wawili. Ndani kulikuwa na meneja, fundi wake wa mitambo aliyekuwa kijana mwenye nywele zilizochongwa, na Bwana Hasmukh aliyekuja juu kuuliza habari ya kodi akabaki kusikiliza.

Meneja alianza na kanuni. "Mama, karibu, lakini utaratibu wetu unasema mzazi."

"Baba yake nani alimzaa?" nyanya akauliza.

"Sijui, mama."

"Ni mimi. Sasa mimi ni mzazi wa mzazi. Unataka mkubwa kuliko mimi, basi nenda kaburini umwamshe."

Meneja alinitazama. Nikatazama dari. Akasema, "Haya, eleza."

Nyanya hakutaka mkalimani. Alisema atasema Kiswahili, ili wasije wakasema hawakuelewa. Akaketi vizuri, akaweka mikono magotini, akaanza tangu mwanzo, mafumbo ya hesabu, mpira, Kaka Steve wa kidato cha pili. Aliiga sauti ya yule mtu, kwanza nyororo, halafu nzito. Kisha akafika kwenye maneno yenyewe, na akayasema. Yote, kama yalivyo, bila kupunguza makali wala kuyafunika kwa mafumbo, mwanamke wa umri wa kuheshimika, mchana kweupe. Yule fundi akacheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha puani, cha kijana aliyeshtuka kusikia bibi kizee anatukana.

Nyanya akakatiza maneno. Akamgeukia. Hakufoka.

"Wewe unacheka. Mimi nina miaka mingi na nimezika mume, na hii maneno bado inaniuma." Akaielekezea kidole simu iliyokuwa mezani. "Mtoto ya darasa la saba aliisikia peke yake, na sikio yake kwa simu yako. Cheka tena nikuone."

Fundi alitazama viatu vyake. Nyanya akaendelea. Alirudi nyuma kidogo kama mtu anayesoma, akayarudia aliyoyasema, ili mtiririko usikatike. Meneja alikuwa ameacha kuandika zamani. Jasho lilimtoka chini ya tai.

"Basi, mama, basi. Imetosha. Hayo si maneno ya kusemwa ofisini."

"Si ya ofisi? Na mbona imetoka kwa hii ofisi yako ikaenda Mosocho? Keti. Sijamaliza."

Akaketi. Wallahi, alikuwa hata hajajua kwamba amesimama. Nyanya akamaliza mpaka neno la mwisho, lile la nitakungoja, kisha akaomba maji.

Aliyesema kwanza ni Bwana Hasmukh. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mkono kinywani. Sare za shule alizovaa Kemunto zilitoka duka lake, kama za nusu ya watoto wa mji. "Funga hiyo sanduku, bwana meneja," akasema. "Leo, mimi nikiona. Na ile swali ya shule toa. Ama simu zangu zote zirudi, na hii chumba mimi nataka."

Sidai kwamba ni ubinadamu uliomsukuma meneja. Lakini alichukua simu yake, akapiga Nairobi, na nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Hapana, bosi, lalamiko sasa tunalo. Tunalo kabisa." Walitupa nambari iliyokuwa ikitumika. Ilikuwa ya ghala moja mjini, upande wa pili wa soko. Sajini wa polisi aliyekuwa ameahidi kutusaidia tulimpigia, akaenda na askari wake, na kabla chai aliyotuagizia tena meneja haijapoa vizuri alikuwa amempata mwenye sauti: mtunza ghala, mtu wa makamo, mwenye mke na watoto wa umri uleule. Niwaambie mapema msije mkauliza. Alishtakiwa kwa kosa dogo, kwa sababu sheria ya wakati ule haikuwa na jina la alichokifanya, na alitoka mapema mno kwa maoni yangu. Kampuni haikushtakiwa kwa lolote. Saa ya Watoto ilifungwa Kisii na Nyamira, na nilikaa wiki nzima nikipiga simu kwa wenzetu wa wilaya nyingine ili isifunguliwe huko.

Hapo naomba mnisikilize vizuri, maana ninyi leo mnapambana na kampuni kubwa kuliko ile, ambazo hata ngazi za kupanda hazina. Mkiambiwa hakuna malalamiko, msifurahi wala msibishane. Tafuteni mlango wa kulalamikia uliwekwa wapi, na ni nani anaweza kuupita. Halafu muulize nani aliyewauliza watoto majina yao. Mara nyingi mtakuta ni yuleyule anayesema yeye ni nguzo.

Ilibaki sauti ya Kemunto. Yule fundi aliifanya kazi hiyo kimya, amevaa vidude vya masikioni, akipitia sauti za watoto moja moja. Akaipata. Akatuuliza kwa heshima kama ndiyo yenyewe, akaifungulia chumbani. Ikasikika, ndogo na changamfu, ya mtoto ambaye bado hajaogopeshwa: "Naitwa Kemunto, niko darasa la saba," ikataja shule, ikasema, "napenda kuimba."

Nyanya Bosibori aliinamia ile mashine kama mtu anayemwita mtoto kutoka shambani. "Toka huko," akaiambia. "Twende nyumbani." Fundi akafinya, ikafutika. Machozi yalinitoka mbele ya watu, na sikuyafuta haraka.

Barazani, baba yake Kemunto alikuwa amesimama palepale tulipomwacha, na Mzee Nyakundi kando yake, mvua imeshaanza. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Wamesikia?"

"Wamesikia," nikamjibu.

Alimfungulia mama yake mwavuli, akamshika mkono kwenye ngazi.

Gari la ofisi siku hiyo lilikuwa na mafuta, sijui kwa muujiza gani, tukawapeleka mpaka kwao. Kemunto alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Baba akapita moja kwa moja kwenda kutazama ng'ombe, kama ilivyompasa. Nyanya akavua viatu, akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo upande wake.

"Amekamatwa," akamwambia. "Na sauti yako nimeitoa."

Kemunto aliendelea kuchambua. "Na yale maneno? Nitaitwa niseme?"

"Nimeyasema yote. Hakuna imebaki ya wewe kusema."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilifikiri hakusikia. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ndogo, bila kuinua macho, "Walicheka?"

"Mmoja alianza," nyanya akasema. "Hakumaliza."

Kemunto alimimina maharagwe kwenye sufuria, akapangusa mikono, akauliza sweta yake ya shule iko wapi.